Sindano ya Mkorogaji

1

Zilpa Msengi alikunja mkono wa gauni hadi begani, akaketi kwenye kigoda mbele ya watu wote wa kiwanda, akasema yale anayoyasema kila mara: "Haya, nichomeni kabla sijaghairi."

Watu wakacheka. Walikuwa wameshayacheka maneno hayo mara kumi na tisa, na hii ya ishirini wakayacheka kama mapya.

Perusi Nkungi hakucheka. Alisimama nyuma kabisa, mgongo kwenye mlango wa chumba cha mafuta, akiutazama mkono ule. Ulikuwa mkono mnene, laini, wenye alama ndogondogo za sindano zilizopangana vizuri kana kwamba fundi alizipimia kamba. Hata makovu ya Zilpa yalikuwa na adabu. Mikono yake Perusi ilikuwa na makovu ya kuunguzwa na mafuta miaka kumi na miwili, na hakuna siku watu walikusanyika kuyatazama.

Muuguzi Hamisa akavuta dawa kutoka kwenye kichupa, kimiminika cheupe chepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, akaichoma. Zilpa akakunja uso kidogo, kisha akatabasamu. Makofi.

Hiyo ilikuwa desturi ya kiwanda cha Iguguno, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Anayekoroga dawa ndiye anayechomwa sindano ya kwanza ya mkupuo wake, hadharani, kama mwenye pombe anavyotangulia kuinywa kabla hajamtilia mgeni. Kisha watu husubiri siku tatu. Mkorogaji akiamka mzima siku ya nne, mkupuo unapewa wajumbe wa Kiomboi, Manyoni, Itigi na Ikungi, nao wanaupeleka kwa wagonjwa wao. Wote pale walikuwa na ugonjwa wa sukari, kuanzia mwenyekiti mpaka mfagizi. Ushirika wao haukuwa na sharti lingine la kuingia.

"Tumefanikiwa tena," alisema Zilpa, akishusha mkono wa gauni. "Sisi sote."

Hilo "sisi" ndilo lililomkaba Perusi. Laiti Zilpa angesema "mimi", angekuwa mwizi wa kawaida, na Perusi alijua namna ya kuwashughulikia wezi. Lakini utamfanya nini mtu anayekuibia kwa kukugawia?

2

Perusi hakusahau kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na ndiyo iliyomchosha kila aliyekaa naye.

Alikumbuka saa na tarehe. Mwaka ule ambao watu waliuita Mwaka wa Kufuli, tarehe sita Agosti, saa tatu asubuhi, kalamu zote za kujichomea insulini zilikataa kwa pamoja. Zilikuwa kalamu za kampuni ya ng'ambo, kalamu za kisasa zinazoongea na mtambo wa wenyewe huko angani kabla hazijatoa tone. Kampuni na serikali walikuwa wamegombana juu ya mkataba, basi kampuni ikabonyeza mahali, na kalamu zikajifunga kuanzia Singida mpaka Mtwara. Dawa ilikuwemo. Ungeweza kuiona kwenye kioo ikicheza. Watu walizipiga kalamu kwa mawe, zikapasuka, dawa ikanywewa na vumbi.

Walikufa watu kumi na mmoja pale Iguguno. Perusi aliyajua majina yao kwa mpangilio walivyokufa. La nne lilikuwa la mdogo wake, Elifasi, ambaye siku ya mwisho aliomba maji mpaka akasahau neno maji linaitwaje.

Alisimama sokoni juu ya kreti la soda akaitukana kampuni, akamtukana waziri, akamtukana mbunge na dereva wa mbunge. Aliwekwa ndani mara mbili. Alipotoka mara ya pili hakurudi kwenye kreti. Aliingia shule ya sekondari iliyokuwa imefungwa, akabeba vitabu vya kemia ambavyo panya walikuwa hawajavimaliza, na yeye mwenye darasa la saba akavisoma kwenye kinu cha kukamulia alizeti, kinu kikiunguruma, kidole chake kikienda mstari kwa mstari. Insulini yenyewe watu wa chuo Dodoma walijifunza kuifuga kwenye hamira, lakini iliharibika njiani kwa joto, na sindano tatu kwa siku hazikupatikana. Ilihitaji mahali pa kujificha.

Perusi ndiye aliyepata mahali hapo. Mafuta ya alizeti ukiyavunja kwa glisarini, unapata nta laini. Nta hiyo ukiipa maji, haivurugiki. Inajipanga. Kuta nyembamba za mafuta zinajikunja zenyewe na kujenga vijumba, kila kijumba kina mlango wa kuingilia cha jirani, havina mwanzo wala mwisho, na ndani ya vijumba kuna maji, na ndani ya maji unaweza kuficha dawa. Rojo hilo ukilisaga kwa mashine linakuwa chembe ndogo kiasi kwamba mia nne zikisimama bega kwa bega ndipo zinafikia upana wa unywele mmoja, na kila chembe bado ina vijumba vyake. Chembe zinakaa chini ya ngozi kama ghala. Dawa inatoka mlango kwa mlango, pole pole, miezi mitatu.

Na ni Perusi aliyevumbua namna ya kuviona vijumba bila hadubini. Alichukua miwani mbili za madereva, zile zinazokata mng'ao wa lami, akang'oa lenzi, akaziweka moja juu ya nyingine na kuigeuza ya juu mpaka mwanga ukazimika. Katikati akaweka rojo. Vijumba vikiwa vimekaa sawa kila upande, unaona giza tupu. Mpangilio mwingine wowote unang'aa rangi. Giza ndiyo salama.

Haya yote alimfundisha Zilpa, mwalimu mchanga aliyekuja siku moja kuuliza kama anaweza kusaidia. Kisha wageni wakaja, na kamera. Perusi aliwasimulia saa nzima habari za wale kumi na mmoja, akiwanyooshea kidole kana kwamba ni wao waliobonyeza. Zilpa aliwaeleza vijumba kwa dakika kumi, akacheka nao, akawapa chai. Wageni walimpiga picha Zilpa. Sasa ni miaka mitano, na mkoa mzima dawa ile inaitwa Msengi. "Umeshachoma Msengi?" ndivyo watu wanavyoulizana sokoni, mahali palepale lilipokuwa kreti la Perusi.

Wakampa yeye ufunguo wa chumba cha mafuta. Wakasema ni heshima.

3

Kwa hiyo wiki iliyopita, Zilpa alipoagiza mafuta ya mkupuo wa ishirini, Perusi alifungua tangi la tatu badala ya la kwanza.

Tangi la kwanza lilikuwa na mafuta ya mbegu mpya. La tatu lilikuwa la mbegu zilizolala ghalani masika yote, zikapata unyevu. Mafuta yake yalikuwa yameanza kuchacha, kidogo tu, asidi ikichungulia. Si sumu. Unaweza kukaangia maandazi na mtu asijue. Perusi alitaka rojo litoke na ukungu. Alitaka Zilpa alitupe, achanganyikiwe, aje mlangoni na kusema: dada, nimeshindwa, nionyeshe. Ndoto yake yote ilikuwa hiyo, na alikuwa ameiota mara nyingi mpaka akajua Zilpa angekuwa amevaa gauni gani.

Rojo likatoka safi kama kioo. Zilpa akaliweka kati ya lenzi, akaona giza, akashangilia. Kisha sindano, kigoda, makofi.

Siku ya pili baada ya sindano, saa za mchana, Perusi alijifungia chumba cha mafuta na kijiko cha rojo alilolibakiza. Hakuamini. Ilikuwa haiwezekani Zilpa apewe mafuta mabovu na bado afanikiwe. Hata kemia ilikuwa inampenda? Akamimina maji ya moto ya chupa ya chai kwenye bakuli, akatumbukiza kipimajoto, akaweka rojo ndani ya kichupa, kichupa ndani ya bakuli, lenzi juu na chini.

Nyuzi thelathini na saba, joto la mtu mzima wa afya. Giza.

Akaongeza maji. Thelathini na nane. Giza.

Mtu mwingine angeacha hapo. Kiwandani hakuna aliyewahi kupima hata hiyo thelathini na nane, kwa sababu sindano ya mkorogaji ndiyo iliyokuwa kipimo chao, na mkorogaji siku zote huja na mwili mzima uliopoa. Lakini Perusi hakuwa anapima dawa. Alikuwa anamtafuta Zilpa.

Thelathini na tisa. Katikati ya giza kikatokea kidoa cha rangi ya shaba, kikapanuka, kikafuatwa na bluu, na zambarau, na rojo lote likawaka kama mafuta ya gari juu ya dimbwi.

Perusi alicheka peke yake, kwa sauti. Vijumba vilikuwa vimevunjika vikajiviringisha kuwa mabomba, mabomba membamba yasiyo na nafasi. Chini ya kichupa maji yalianza kujikusanya, yakikamuliwa kutoka kwenye rojo kama jasho. Ile asidi ya mafuta yaliyochacha ndiyo iliyokuwa imelegeza kuta.

Alikuwa bado anacheka alipoyatazama vizuri yale maji. Dawa hukaa ndani ya maji. Maji yakikamuliwa, dawa inatoka nayo, ya miezi mitatu kwa saa moja. Kwa mtu mwenye homa ya thelathini na tisa, sukari ya mwilini ingezama kama jiwe.

Akafikiri kama mtu anayefunga mzigo, akikaza kila upande. Mkupuo hautoki kabla ya Ijumaa. Ijumaa wajumbe watakuja. Atasimama mbele yao wote, ataweka bakuli mezani, atawaonyesha. Hakuna mgonjwa atakayekuwa ameguswa, na Zilpa ataanguka mbele ya wilaya nne. Habari ya tangi la tatu haina haja ya kutajwa.

Mkono mnene wenye alama zilizopangana ulimpitia akilini. Akausogeza pembeni. Zilpa alikuwa na afya ya punda. Hajaugua homa tangu afike.

4

Ijumaa asubuhi mlango wa chumba cha mafuta uligongwa.

"Dada Perusi. Ni mimi."

Perusi alifungua nusu. Zilpa alikuwa amevaa sweta, na jua la Iguguno lilikuwa tayari linapasua mawe.

"Nimekuja kukuomba kitu," Zilpa alisema. "Wajumbe wakifika, leo ukae mbele na sisi. Ueleze wewe habari ya lenzi. Mimi kila nikiieleza naona kama nimevaa nguo ya mtu."

"Wanakuja kukuona wewe."

"Ndiyo maana nataka wakuone wewe." Zilpa akajikumbatia. "Kwani humo ndani kuna baridi au ni mimi tu? Toka alfajiri mifupa inaniuma. Nadhani mbu wa Kiomboi wamenitumia salamu."

Perusi aliyatazama macho yake. Yalikuwa mekundu, yanang'aa. Meno yaligongana mara moja, Zilpa akayabana na kucheka.

Palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kama mlango wenyewe. Maneno yalikuwa manne tu: poza mkono, kunywa asali.

"Nenda kalale," alisema Perusi.

"Utakaa mbele lakini?"

"Nitaona."

Akafunga. Akasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, akisikia kandambili za Zilpa zikiburuzika kwenye kokoto. Akajiambia labda ni mafua. Labda thelathini na nane. Akajiambia kwamba Elifasi hakupewa hata sweta. Halafu akajisikia akimtumia maiti wa mdogo wake kuzuilia mlango. Watu kumi na mmoja walikufa kwa sababu mtu mmoja mahali fulani alikuwa na dawa yao, akajua, akakaa kimya mpaka apate alichokitaka. Miaka kumi na miwili alikuwa amemtafutia mtu huyo majina ya kila namna.

Alikaa pale muda wa chai kuchemka. Muda huo nao hakuja kuusahau.

Kisha akasikia watu wakikimbia uani.

5

Zilpa alikuwa kwenye mkeka katika chumba cha kupimia, amelowa jasho kama aliyetolewa kisimani, midomo ikicheza bila sauti. Mwenyekiti Mkumbo, mzee mrefu mwenye sauti ya kanisani, alikuwa amepiga magoti. Wajumbe walijazana mlangoni na vikapu vyao vya kubebea dawa.

"Ni homa imepandisha sukari," Hamisa alikuwa akisema. "Homa hupandisha sukari, hilo kila mtu hapa analijua. Asipewe kitu kitamu." Alikuwa ameshavuta sindano ya pili kutoka mkupuo ule ule.

Vijiti vya kupimia sukari ya damu viliondoka pamoja na kalamu, Mwaka wa Kufuli. Walijifunza kuusoma mwili kwa macho, na macho yao yalikuwa yamefundishwa kuogopa upande mmoja tu.

"Weka hiyo sindano chini," alisema Perusi.

"Mama Nkungi, leo si siku ya..."

"Hamisa. Utamuua. Sukari haijapanda, imeisha. Leteni asali. Na barafu yote iliyo kwenye jokofu la hamira."

Hakuna aliyejongea. Walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyeleta ugomvi msibani. Perusi akamshika Hamisa kifundo cha mkono, akakizungusha, sindano ikaanguka, akaikanyaga. Kwa mkono mwingine akatwaa mtungi wa asali kwenye meza ya wageni, akachovya vidole viwili, akampaka Zilpa ndani ya mashavu na kwenye ufizi, kidogo kidogo ili asipaliwe.

"Barafu, nimesema. Mnangoja kengele?"

Mjumbe wa Itigi ndiye aliyekimbia, labda kwa sababu hakumjua Perusi. Barafu ikaja kwenye ndoo. Perusi akaifunga kwa khanga yake mwenyewe, akaizungushia mkono ule mnene, juu kabisa, kwenye alama mpya ya sindano. Rojo likipoa, mabomba yanarudi kuwa vijumba, na milango inajifunga. Alikuwa ameliona likirudi bakulini, Jumatano, na hakulipa maana. Sasa alilikandamiza kwa viganja vyote viwili, na huku akipaka asali, na huku akiyasema majina kumi na moja chini ya pumzi, na alipofika mwisho hakuongeza la kumi na mbili.

Ilichukua nusu saa. Zilpa alipepesa macho. Akajilamba.

"Nani kanipaka asali," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Sijafa halafu mnaniandalia nyuki."

Chumba kizima kilipumua.

6

Mkumbo hakuwa mjinga. Aliwatoa watu uani, Zilpa akabebwa kwenye mkeka wake chini ya kivuli cha paa, kisha akamgeukia Perusi mbele ya wajumbe wote. "Ulijuaje?"

Perusi akaleta bakuli, chupa ya chai, lenzi. Akawapimia. Thelathini na saba, giza. Thelathini na nane, giza. Thelathini na tisa, akampisha Mkumbo aangalie mwenyewe. Mzee aliinama, akakaa hivyo muda mrefu, na aliponyanyuka uso wake ulikuwa umezeeka.

"Vichupa mia sita na arobaini," alisema. "Msimu wa malaria."

Wajumbe walipokezana lenzi. Mmoja mmoja walinyanyua vichwa, na mmoja mmoja macho yao yakaenda kwenye mkeka wa Zilpa. Perusi aliyaona macho yakigeuka. Aliyafahamu. Alikuwa ameyangoja miaka mitano.

"Mkorogaji hakupima," alisema mjumbe wa Manyoni, bwana mwenye kofia, na wengine wakaguna kukubali. "Mtu anaachiwa kazi peke yake kwa sababu anajua kucheka na wageni."

"Hatukuwa na desturi ya kupima hivyo," alisema Zilpa kutoka chini. Sauti yake haikufika mbali.

Mkumbo akautwaa mwiko wa chuma wa kukorogea, uliokuwa umetundikwa kwenye msumari wake pembeni ya mlango. Akamshikisha Perusi.

"Tulikukosea," alisema. "Ni wewe uliyeanza, na leo ni wewe uliyetuokoa. Kuanzia mkupuo ujao utakoroga wewe. Na dawa iitwe kwa jina la aliyeianzisha."

Mtu akapiga kofi. Wengine wakafuata. Mwiko ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka, na ulimkaa mkononi kama umezaliwa naye. Alichohitajiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza kwenyewe kulikuwa kazi nyepesi. Alikuwa ameifanya tangu Jumatano.

Akamtazama Zilpa. Zilpa hakuwa analia wala kujitetea. Alikuwa anamtazama yeye, kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ni mafuta," alisema Perusi. Makofi yakapungua. "Hakukosea kukoroga. Nilimpa mafuta ya tangi la tatu, yaliyochacha, nikaandika kwenye dumu kwamba ni ya tangi la kwanza. Nilifanya makusudi."

Kisha Mkumbo akatikisa kichwa taratibu, na usoni pake pakatokea kitu ambacho Perusi hakuwahi kuelekezewa maishani mwake, upole.

"Perusi," alisema. "Unambebea mwenzako mzigo. Siku zote tumesema una roho ngumu. Mungu atusamehe."

"Simbebei mtu. Nilimwonea wivu."

"Mama, acha," Hamisa akamshika bega. "Tumekuelewa. Umemwokoa, inatosha. Usijichafue ili asichafuke."

"Huu ndio utu," alisema mjumbe wa Manyoni kwa jirani yake.

Perusi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Maisha yake yote alikuwa amesema kweli kwa hasira wakamwita mgomvi. Leo alisema kweli kwa aibu wakamwita mtakatifu. Alitaka kuwapiga na mwiko.

"Msimsifu," alisema Zilpa.

Alikuwa amejinyanyua kwa kiwiko kimoja, barafu ikimchuruzika hadi kiunoni.

"Anasema kweli. Wiki iliyopita nilipofungua dumu nilisikia harufu. Nikadhani pua yangu ina kasoro. Nikajisemea, dada Perusi hawezi kukosea mafuta." Akavuta pumzi. "Ulitaka nini, dada?"

"Nilitaka rojo litoke na ukungu. Ulitupe. Uje mlangoni kwangu uniombe."

"Nimekuja mlangoni kwako leo asubuhi."

"Najua."

"Ulikuwa umeshaona hizo rangi?"

"Tangu Jumatano."

"Ukaniona natetemeka."

"Nilikuona."

"Ukafunga."

"Nikafunga," alisema Perusi.

Upole uliyeyuka kwenye nyuso kwa haraka kuliko ulivyokuja. Bwana wa Manyoni akavua kofia, akaivaa tena. Mtu mmoja nyuma akasema aitwe mgambo. Mwingine akasema achomwe hiyo dawa yake halafu aachwe juani. Mkumbo akaupokonya mwiko mkononi mwa Perusi, si kwa nguvu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akaushikilia kifuani asijue aupeleke wapi.

"Zilpa," alisema mwishowe. "Ni mwili wako uliochomwa. Sema wewe. Tumfanye nini huyu?"

Zilpa aliomba maji. Alikunywa taratibu, wote wakimsubiri, na hata katika kunywa maji alikuwa na namna yake, watu wakatulia kwa kumtazama tu.

"Ufunguo wa mafuta aurudishe leo," alisema. "Asiguse tangi wala dumu wala mwiko mpaka afe. Na mimi asinisalimie, sijui kwa muda gani, nitamwambia." Akapangusa mdomo. "Vichupa vyote vimwagwe. Lakini lenzi abaki nazo."

"Zilpa, mwanangu," alianza Mkumbo.

"Mwenyekiti, ngoja. Mikupuo ishirini nimekaa kwenye kigoda, mkanipigia makofi, na hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyewahi kujiuliza mwili ukichemka inakuwaje. Tulikuwa tunapendana, basi. Huyu hanipendi. Kwa hiyo akapima mahali ambapo hakuna anayenipenda angepima. Kuanzia sasa, nikikoroga, kabla sijachomwa, mkupuo upelekwe kwake. Autafutie kasoro. Ajitahidi. Akiikosa, ndipo nichomwe. Na kila kiwanda kitakachoanza kiwe na mtu wake wa namna hiyo, mtu ambaye angefurahi mkorogaji akishindwa."

Watu walitazamana. Mkumbo alifikiri, mwiko kifuani, kisha akaanza kutikisa kichwa kukubali, kwanza kidogo, halafu sana. Wajumbe walikuwa wameshaanza kunong'onezana nani wao, kule Kiomboi, kule Ikungi, anamchukia nani kiasi cha kufaa.

"Hiyo ni sheria nzuri," alisema bwana wa Manyoni. "Tuiite kanuni ya Msengi."

Perusi alifungua ncha ya khanga, ile iliyolowa maji ya barafu, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza kando ya bakuli. Hakuna aliyemtazama. Adhabu hakuiona nzito. Alikuwa amelala rumande, mahali pabaya zaidi ya hapo, na kwa makosa ambayo hakuyafanya. Kilichokuwa kinamtafuna ni kwamba wazo lile lilikuwa zuri, lingeokoa watu ambao hawajazaliwa, na tangu Jumatano yeye ndiye aliyekuwa na kila kitu cha kulifikia, na halikuwa lake.